Konji inaweza kufutwa, majina hapana



Kila mwaka tunasikia ombi lilelile: Leta itupatie konji ya kukumbuka wale waliokufa wakati majeshi ya kigeni yalikalia inchi yetu. Ombi ni la haki. Lakini leo tuangalie mji mmoja wa mbali uliokuwa na siku kama hiyo, kisha ukaipoteza.

Jeshi la Japani lilikalia Hong Kong tangu 25 Desemba 1941 mupaka Agosti 1945: miaka 3 na miezi 8. Njaa na kufukuzwa vilipunguza watu kutoka karibu milioni 1,6 kufika karibu laki 6. Baada ya vita, kila mwisho wa Agosti ilikuwa konji ya ukombozi. Mwaka 1997 Waingereza wakarudisha mji kwa China. Kufika 1999, konji hiyo haiko tena kwenye kalenda.

Kumbukumbu ilikufa? Hapana. Wakati wa vita watu walilazimishwa kubadilisha dola zao na noti za jeshi la Japani. Vita ikaisha, noti zikabaki karatasi tu. Kuna familia zilizitunza miaka na miaka, na 1993 wenyeji wakashitaki Japani kule Tokyo. Walishindwa 1999, ni kweli. Lakini kesi yao imeandikwa, na hakuna kalenda inaweza kuifuta.

Sasa turudi kwetu. Kisangani, 5 mupaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, wenyeji wakiwa katikati. Juu ya vita ya Uganda kwetu, Congo iliomba zaidi ya dola miliari 11 mbele ya Korti ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 2022 Korti ikatoa milioni 325. Kwa vifo vingi ilisema wazi: ushahidi hautoshi. Watu walikufa kweli, lakini nani aliandika?

Ndiyo kazi yetu, shiye vijana. Hatungoje dekreti. Kamata kaye, uliza wazee na wamama wa avenue yako: nani alikufa, siku gani, wapi, nini iliharibiwa. Piga picha ya kila karatasi, weka kopi mahali pawili. Na jina la shahidi lisitoke mtandaoni: usalama wake kwanza.

Leta ikitupatia konji, tutashukuru. Ikiifuta kesho, majina yatakuwa yako mikononi mwetu.