Nyumba Tuliyoijenga Wawili
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, Kiseke, Mwanza)



Desturi ya siku kama ya leo ni mwenyekiti kusoma hesabu. Hesabu mhazini ameshazisoma, na zimebandikwa pale mlangoni, kila mtu akajionee hisa zake. Sisi wa kamati tulikubaliana dakika zetu tuzitumie kwa jambo jingine ambalo limetuuma miaka yote hii 10. Jambo lenyewe ni hili. Mwenzetu anakopa hapa, ananunua saruji, ananunua mabati, nyumba inasimama. Halafu ndoa inavunjika. Anatoka na mfuko wa nguo na watoto, na kikundi kinabaki kinamdai mkopo wa mabati ambayo yeye halali tena chini yake. Tumeyaona haya zaidi ya mara moja hapa hapa Kiseke.

Wapo waliotuambia kwamba kikundi cha kuweka na kukopa kisiingie mambo ya chumbani kwa watu. Tumewasikia. Lakini deni la mabati haliko chumbani jamani, liko kwenye daftari letu.

Basi tulikwenda kuuliza. Wengi wetu tumeishia darasa la saba, wengine hata hapo hatukufika, lakini kuuliza hakuhitaji cheti. Hapa Mwanza tunao Kivulini, wamekuwa wakisaidia wanawake tangu mwaka 1999, na kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao msaada wao ni bure. Haya tunayosema ni yale tuliyoelezwa tukayaelewa.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ni ya wote, aliyefunga kanisani, aliyefunga msikitini, aliyefunga bomani na aliyeolewa kimila kwa ng'ombe. Kifungu cha 114 kinasema mahakama ikitoa talaka au amri ya kutengana inaweza kuamuru mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja igawanywe. Hakimu anaangalia mambo manne: mila za watu hao, mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi, madeni waliyoingia kwa faida yao wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo kama wapo. Akishayapima hayo, sheria inamtaka aelekee kwenye usawa.

Hapo kwenye madeni tusimame kidogo, maana panatuhusu sisi. Mkopo uliochukuliwa hapa kwa ajili ya nyumba ya wote wawili si mzigo wa mama peke yake. Unatakiwa utajwe mbele ya hakimu uhesabiwe. Wenzetu waliopita huko walinyamaza wakidhani ni aibu kutaja deni mahakamani.

Sasa neno "mchango". Zamani mahakimu na majaji walikuwa hawakubaliani. Wengine walisema mke aliyekaa nyumbani anapika, anafua na kulea hana mchango wowote kwenye nyumba iliyonunuliwa kwa mshahara wa mume. Wengine walisema anao. Ubishi huo ulifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif. Mahakama za chini zilikuwa zimemnyima Bi Hawa, kwamba yeye alikuwa mke tu. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakasema hapana, kazi za nyumbani za mke ni juhudi, nazo zinahesabika kuwa mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Tangu siku hiyo kila mwanamke wa Tanzania anayedai haki yake anasimama juu ya jina la Bi Hawa.

Lakini wengi wanaoitaja kesi hii hawaimalizii. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu kwenye ile nyumba. Mahakama iliona mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzisha mradi kwa faida ya familia na yeye akazitapanya. Kwa hiyo kanuni alituachia sisi, yeye akaondoka hivi hivi. Tunayasema haya kwa sababu mtaani kuna maneno kwamba "siku hizi ni nusu kwa nusu". Si nusu kwa nusu. Kinachogawanywa kinafuata mchango uliothibitishwa, na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba kiasi cha mchango ni jambo la ushahidi. Anayedai ndiye anayeonyesha.

Na kina baba msinune huko nyuma, sheria hiyo inawalinda na ninyi. Mama mwenye mashine ya kusaga ambayo mumewe ndiye aliyekuwa anaitengeneza na kuisimamia, asidhani ni yake peke yake kwa kuwa leseni ina jina lake. Vile vile mali aliyokuwa nayo mtu kabla ya ndoa, kama kiwanja, ikiendelezwa kwa sehemu kubwa na mwenzake au na wote wawili, nayo inaingia kwenye hesabu.

Mwenzetu mmoja, hatutamtaja, alipofika mahakamani mume alisema nyumba ni yake na hati ni ya jina lake. Kweli hati ilikuwa ya jina lake. Katibu wetu akaenda na lile daftari kubwa la mikopo, akaulizwa maswali mengi, akaonyesha mkopo wa kwanza wa fundi, wa pili wa mabati, wa tatu wa milango, tarehe zote na sahihi zote. Hakimu alimpa mama yule theluthi moja ya thamani ya nyumba. Mwingine aliyekuwa amejenga kwa jasho lile lile, fedha za dagaa wa Mwaloni alizokuwa anamkabidhi mume mkononi bila karatasi, alipata kitanda na vyombo. Jasho lilikuwa moja, kilichowatofautisha ni karatasi.

Kuhusu watoto, hapa kwetu Usukumani wazee wanasema ng'ombe wakishatoka watoto ni wa baba. Sheria haikuitupa mila, inasema iangaliwe. Lakini kitu cha kwanza kabisa ni ustawi wa mtoto mwenyewe, ndipo yanafuata matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama amefikia umri wa kujieleza, na mila. Mtoto wa chini ya miaka 7 sheria inachukulia kwamba ni vizuri akae na mama, ila hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Kama mama ni mlevi na watoto wanalala njaa, asitegemee miaka 7 imwokoe. Na asiyepewa mtoto anaweza kupewa haki ya kumtembelea. Kumficha mtoto kwa bibi yake kijijini ili baba asimwone si ushindi, ni kumtesa mtoto.

Matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba, hata kama mtoto anakaa kwa mama: chakula, mavazi, malazi, shule. Baba akiwa amefariki, hajulikani aliko au hana uwezo, wajibu unahamia kwa mama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasema mtoto haki zake haziishi kwa sababu wazazi wameachana. Hakuna kiwango kimoja cha fedha kwa watu wote, hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi na gharama za maisha ya mahali pale. Mke naye anaweza kuamriwa apewe matunzo yake, na yanakoma akiolewa tena.

Ugumu uko kwenye kulipwa. Mwenye mshahara anapatikana ofisini kwake. Mvuvi wa dagaa je? Anapata wakati wa giza, mbalamwezi ikitoka anakaa, na mwezi ujao ameshahamia kambi nyingine, leo Ukara, kesho Kome. Amri ipo kwenye karatasi na mtoto anarudishwa shule kwa kukosa daftari. Hapa hatuna dawa ya kuwapa. Tunasema tu kwamba asiyelipa arudishwe mahakamani mapema, na umwambie hakimu ukweli wa kipato chake, kiasi kisiwe kikubwa mpaka kikawa sababu ya kukimbia.

Kuhusu utaratibu, hapa ndipo wengi wanajikwaa. Huwezi kuamka ukaenda kufungua shauri la talaka. Kwanza unapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa: Baraza la Kata, au la BAKWATA, au la kanisa lenye baraza linalotambuliwa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, na cheti hicho kisiwe kimepita miezi 6 siku unapofungua shauri. Hili si jambo dogo. Yapo mashauri yaliyofutwa hata yakiwa yameshafika Mahakama ya Rufani, miaka na nauli vimekwisha, kwa ajili ya cheti. Na dada zetu Waislamu, talaka ya mume peke yake haigawi nyumba. Lazima mfike mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo inatosha.

Na wale mnaoishi pamoja bila ndoa, mko wengi na tunawapenda, msidhani hamna pa kushika. Mkiishi miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, sheria inachukulia mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkitengana, mahakama inaweza kuamua matunzo, watoto na nafuu nyingine.

Tusisahau kwamba nyumba inaweza kupotea hata kabla ya talaka. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzio, Sheria ya Ndoa inasema hivyo, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema hivyo kwenye rehani. Ukisikia harufu ya kuuzwa, nenda ukaweke zuio kwenye ofisi ya ardhi. Usisubiri kuona dalali uani. Na urasimishaji wa makazi unapopita mtaani, mwambie mumeo kwa upole majina yaandikwe mawili. Anayesema mwanamke hana haki kwenye ardhi, mkumbushe Mahakama Kuu ya hapa hapa Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alikuwa na haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake sawasawa na mwanamume.

Kwa hiyo kamati inaleta haya mbele yenu. Kuanzia mzunguko huu, daftari la mikopo litakuwa na safu ya "mkopo wa nini", na itaandikwa kwa maneno kamili, si "mahitaji" tu. Stakabadhi ya duka la vifaa iandikwe jina lako wewe uliyelipa. Leta nakala, tutaiweka kwenye bahasha yako ndani ya sanduku la makufuli matatu, ambalo halilali kwa mume wa mtu. Mwanachama akiitwa mahakamani, katibu au mhazini ataenda naye na daftari, nauli itatoka mfuko wa jamii. Na kina baba wanaotaka kujua mkopo umefanya nini, daftari liko wazi kwao vile vile.

Jambo hili litapigiwa kura mkutano wa Jumamosi ijayo. Wenye stakabadhi za zamani zitafuteni tangu leo, hata zilizoliwa na panya pembeni.