Mfalme Mwema katika Riwaya za Shaaban Robert



Ziko nchi ambazo hazimo katika ramani yoyote ya dunia, na hata hivyo wasomaji wa Kiswahili wanazifahamu kama wanavyozifahamu wilaya zao. Nchi hizo ni Kusadikika, Kufikirika na Ughaibu. Aliyezijenga ni Marehemu Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kila moja ina mfalme wake. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini msomaji wa jamhuri, aliyefundishwa kwamba usultani na uchifu ni mabaki ya ukabaila, bado huona raha moyoni mfalme huyo anapotenda jambo jema.

Baadhi ya wahakiki husema raha hiyo ni kasumba tupu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. *Kusadikika* ilichapishwa mwaka 1951, wakati ambapo Gavana wa Tanganyika aliwajibika kwa London na si kwa mlipa kodi wa Handeni au Songea. Mtu anayetawaliwa na asiyemjua hutamani kwanza kujulikana. Mfalme wa hadithini anayeketi, akasikiliza na kuuliza, alikuwa kwa msomaji wa siku zile hati ya mashtaka dhidi ya mtawala halisi, ingawa hati hiyo ilivaa nguo za ngano.

Hebu atazamwe Rai, Mfalme wa Ughaibu, katika *Adili na Nduguze*. Liwali wake Adili anatawala Janibu kwa haki, lakini kila usiku huwachapa viboko manyani wawili, kisha huwalilia na kuwalisha. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini na kugeuzwa wanyama kwa adhabu ya jini Huria. Rai anapopata habari hamwadhibu Adili wala hamcheki. Anamwita, anasikiliza kisa chote tangu mwanzo, kisha anamwandikia Huria barua ya kuwaombea waliokosa. Mfalme kuandika barua ya maombi! Ni vigumu kuusoma ukurasa huo bila kumpenda.

Lakini Rai aliijuaje siri ya Janibu? Kodi ilichelewa. Ikibali alitumwa kudai fedha za hazina, si kuuliza hali za watu, na alipolala kwa mwenyeji wake ndipo alipoona viboko vya usiku. Lau kodi ingefika kwa wakati wake, wema wote wa Rai ungebaki Ughaibu, na manyani wangeendelea kuchapwa. Hapa ndipo penye udhaifu wa mtawala mwema asiye na chombo cha kumfikishia sauti za watu: huruma yake haivuki mipaka ya habari zake.

Katika *Kusadikika* udhaifu huo ni mzito zaidi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Katika utetezi wake anawataja wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, wakaleta mambo ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Mwisho wake mlango wa gereza unafunguliwa na msomaji anashangilia. Huenda katika shangwe hiyo akasahau kwamba waliofunguliwa walikuwa wamefungwa na dola ile ile. Tena Karama hakuomba huruma. Siku zote za kesi alidai kwamba neno la mshtakiwa lisikilizwe na kupimwa, na hilo ni jambo la sheria, halitegemei mfalme ameamka na moyo gani.

Tatizo la urithi nalo Shaaban Robert hakulikwepa. *Kufikirika* inaanza na mfalme mwenye kila kitu isipokuwa mtoto, na nchi nzima inahangaishwa na waganga kwa ajili ya tumbo la malkia mmoja. Ndivyo ilivyo pale amani ya umma inapotundikwa kwenye nasaba.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika ibara yake ya 15, ulikataza viongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Msomaji wa riwaya hizi alikwisha kukutana na Majivuno, tena akiwa na cheo cha uwaziri. Tofauti ni kwamba Mwongozo ulimpa mwananchi haki ya kudai, bila kungoja bahati ya kutawaliwa na Rai.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Tanganyika ilikuwa huru tayari, lakini mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza. Jamhuri ilitangazwa tarehe 9 Desemba mwaka huo huo, na mwaka uliofuata utawala wa machifu ukafutwa.