Mpira na Gitaa: Tusimlazimishe Kijana Kuchagua Kabla ya Wakati

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa katika semina ya siku moja ya vijana, wazazi, makocha na walimu wa kwaya parokiani. Tumeyaandika kwa ombi la waliokuwapo, na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)





Tumepewa nusu saa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataona ni dogo. Kijana anapenda mpira, na kijana huyo huyo anapenda muziki. Sasa afanyeje? Wengi wetu tunajibu haraka: achague moja. Tena tuna methali tayari mdomoni, kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sisi pia tulikuwa tukijibu hivyo, mpaka siku moja jibu hilo lilipotuletea hasara hapa kwetu.

Tuanze na habari ya kijana mmoja. Jina lake hatulitaji, lakini yeye mwenyewe ameturuhusu kueleza yaliyompata. Alikuwa na miaka 17. Alikuwa kipa wa timu yetu ya vijana, na pia mpiga gitaa wa kwaya ya vijana. Gitaa lile hakupewa na mtu. Alifanya kazi ya mjengo likizo nzima, akabeba kokoto na maji, ndipo akapata pesa za kulinunua, tena la mtumba.

Kila Jumamosi saa tisa mchana kulikuwa na mazoezi ya mpira. Kila Jumamosi saa tisa mchana kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Basi yeye alikuwa akidaka mipira nusu ya kwanza, halafu anakimbia kanisani na matope miguuni. Mwalimu wa kwaya akamwambia mbele ya wenzake, "Wewe chagua, ni Mungu ama ni mpira." Kocha naye akamwambia, "Wewe ni mtu wa kudaka ama wa kuimba?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mambo mawili yamewekwa saa moja.

Wiki tatu kabla ya sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia yetu, kulikuwa na mechi. Mpira wa nguvu ukampiga kwenye ncha ya kidole cha pete, mkono wa kushoto. Mnaojua gitaa mnajua kwamba huo ndio mkono wa kubonyeza nyuzi. Wenzake wakakivuta kidole, eti wanakirudisha. Akamaliza mechi. Usiku akashika gitaa hivyo hivyo na kidole kimevimba. Hakumwambia mtu, kwa maana aliogopa kuambiwa, "Si tulikuonya?"

Baada ya siku kadhaa ncha ya kidole ikawa inaning'inia, haiwezi kunyooka. Kwaya ikatafuta mpiga gitaa mwingine. Timu ikatafuta kipa mwingine. Sikukuu ikafika, ikapita, na yeye hakuwa kanisani wala uwanjani. Alikuwa stejini kwa matatu kutwa nzima, na wale wanaotafuna miraa. Ndipo mama yake akaja ofisini kwetu akasema, "Mwalimu, nisaidieni. Huyu mtoto haongei na mtu tena nyumbani."

Tulipoketi naye, ndipo tukagundua jambo la aibu. Ile ratiba ya Jumamosi ilipangwa na nani? Ilipangwa na sisi, ofisi ya maendeleo ya jamii. Tulipanga mpira kwenye karatasi moja na kwaya kwenye karatasi nyingine, wala hatukuziweka pamoja. Tunalisema hili wazi kwa sababu mara nyingi tunawalaumu vijana kwa kukosa mpango, na kumbe mpango mbovu ni wetu.

Tulimpeleka hospitali, wakati huo zimepita wiki tano. Daktari alitueleza kwamba mpira ukigonga ncha ya kidole unaweza kukata mshipa unaoinyoosha ile ncha. Dawa yake ni kukifunga kidole kikiwa kimenyooka, mchana na usiku, kwa wiki 6 hadi 8, bila kukikunja hata mara moja. Kukivuta hakusaidii, na kama kuna mfupa uliovunjika, kukivuta ni kuongeza jeraha. Makocha, sikilizeni vizuri: mchezaji akiumia kidole, msikivute wala msikikande. Kama amevaa pete, ivueni upesi kabla hakijavimba. Kiwekeni kwenye maji baridi, halafu apelekwe kwenye zahanati au hospitali siku hiyo hiyo.

Na tuongeze habari ya mtu mnayemjua. Vijana wengi hapa mnavaa fulana zenye picha ya Bob Marley. Yeye alipenda mpira karibu sawa na muziki, na kila alikokwenda kupiga muziki alitafuta nafasi ya kucheza. Aliumia kidole cha mguu mpirani, na kidonda kikakataa kupona. Mwaka 1977 madaktari wakagundua kuwa pale chini ya ukucha kuna saratani ya ngozi. Alishauriwa kidole kikatwe, hakukubali. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36 tu. Mpira haukumletea saratani, na msiende mkasema tumesema hivyo. Tunalosema ni kwamba kidonda kisichopona hakifichwi. Mwili unaocheza ndio huo huo unaoimba.

Sasa turudi kwa ile methali. Ni kweli mshika mbili moja humponyoka. Lakini mtazameni mama anayetoka mtoni. Mtoto yuko mgongoni, mtungi uko kichwani, na mkononi ameshika mboga. Hakuna kinachoanguka. Kwa nini? Kwa sababu kila kitu kina mahali pake. Angeweka mtoto na mtungi pamoja kichwani, vyote vingeanguka. Basi vijana, shida ya huyu ndugu yenu haikuwa kupenda mambo mawili. Shida ilikuwa kwamba mambo hayo yote mawili yaliwekwa mahali pamoja.

Mambo haya mawili hayana vita. Mwimbaji anahitaji pumzi, na anayekimbia hupata pumzi. Mpiga ngoma anahitaji mabega na mgongo wenye nguvu. Mtume Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wakorintho, alichukua mfano wa mkimbiaji na wa mpigana ngumi kueleza maisha ya Mkristo. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyefika Kenya mara tatu, mwaka 1980, 1985 na 1995, alipokuwa kijana kule Poland alikuwa kipa, na pia alikuwa mwigizaji wa tamthilia. Mpira haukumzuia kuwa padri.

Lakini kila kimoja kinaweza kumharibu mwenzake kama hatuangalii. Tuchukue sauti. Kooni tuna nyuzi mbili ndogo za sauti. Mwimbaji wa soprano akiimba ile nota ya A ambayo wapiga vyombo huitumia kulinganisha vyombo vyao, nyuzi hizo hugongana mara 440 kwa kila sekunde. Sasa mtu ameshangilia timu Jumamosi jioni kwa kupiga makelele dakika 90, halafu Jumapili asubuhi anataka kuimba Utukufu. Sauti itakuwa kama ya jogoo mgonjwa! Ukiwa mwimbaji, shangilia kwa makofi, filimbi na ngoma. Kunywa maji. Na sauti ikikauka zaidi ya wiki 3, nenda kwa daktari, usiendelee kujilazimisha.

Basi tufanyeje? Tuna mashauri machache.

La kwanza, kidogo kila siku. Dakika 20 za gitaa kwa siku, siku 6, ni dakika 120, yaani saa 2 kwa wiki. Saa 2 hizo ukizifanya zote usiku mmoja, vidole vinauma na wiki inayofuata umesahau. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa muziki jambo hili ni kweli kabisa. Dakika 20 zinapatikana hata kwa anayecheza mpira.

La pili, jua msimu. Wanafunzi mnajua taabu ya muhula wa pili. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927, huandaliwa muhula huo, na mashindano ya mpira wa miguu, netiboli na voliboli ni muhula huo huo. Huwezi kwenda mpaka mwisho katika yote mawili mwaka mmoja. Hapo ndipo kuchagua kunakuja, lakini ni kuchagua kwa msimu, si kwa maisha yote. Mwaka huu tamasha, mwaka ujao mpira. Mwambie mwalimu mapema, si siku ya mechi.

La tatu, sema ukweli kwa wote wawili. Kocha ajue wewe ni wa kwaya, mwalimu wa kwaya ajue wewe ni wa timu. Mkifichaficha, siku ya kuumia mtakosa wa kumwambia.

La nne ni la wakubwa. Makocha na walimu wa kwaya, ongeeni! Kule Mathare, chama cha vijana cha Mathare Youth Sports Association, kilichoanza mwaka 1987, kiliamua kwamba timu ikienda kusafisha mitaa inapata pointi za ligi. Yaani kazi ya nje ya uwanja ikahesabiwa uwanjani. Sisi je, tunashindwa hata kukaa meza moja na kalenda moja?

La tano ni la wazazi. Wengine mnasema mpira hauliwi, na gitaa ni uhuni. Tunawaelewa, karo ni nzito. Lakini kijana aliyechoka kwa mazoezi hulala usiku. Huyu wa stejini alikuwa halali. Na wasichana tusiwasahau. Msichana anayecheza netiboli na kuimba ana mzigo wa tatu: maji, kuni, vyombo, na mdogo wake mgongoni. Kaka yake akitoka uwanjani anapewa chakula, yeye akitoka uwanjani anapewa sufuria. Hapo msimwambie achague. Gawanyeni kazi za nyumbani.

Mtauliza yule kijana yuko wapi. Kidole kilifungwa wiki 8. Siku hizo hakuweza kudaka wala kupiga gitaa, kwa hiyo tulimwomba aje kuwafundisha watoto wanne kayamba na mapigo. Tulimsimulia habari ya Julio Iglesias wa Hispania, ambaye alikuwa kipa katika timu ya vijana ya Real Madrid. Ajali ya gari ilimlaza muda mrefu, na hospitalini akapewa gitaa ili mikono ipate kazi. Mwaka 1968 alishinda tamasha la nyimbo la Benidorm. Kijana wetu alicheka akasema, "Huyo alianza gitaa baada ya kuumia, mimi nimelianza kabla." Hicho ndicho kicheko cha kwanza mama yake alichosikia kwa muda mrefu.

Kidole hakikunyooka sawasawa, na hakitanyooka. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, na kweli vingine vimekisaidia: amejifunza kubonyeza baadhi ya nyuzi kwa kidole kidogo. Golini hakurudi. Alichagua mwenyewe kuwa beki wa kulia, ingawa kocha alinung'unika. Mwaka uliofuata, sikukuu ya msimamizi ilipofika, alikuwa amekaa kwenye benchi la wapiga vyombo.

Na ratiba tumeibadilisha. Mpira umebaki Jumamosi saa tisa. Kwaya sasa ni Jumatano na Ijumaa jioni. Si kila mtu amefurahi. Waimbaji wawili wenye vibanda sokoni hawawezi kufika Ijumaa, na bado tunatafuta njia kwa ajili yao. Lakini sasa karatasi ya kwaya na karatasi ya mpira zimebandikwa mlango mmoja, na kila mwezi kocha na mwalimu wa kwaya wanakaa pamoja kuziangalia kabla hatujapiga mhuri.

Wapendwa, kijana hapotei kwa kupenda mengi. Anapotea akikosa mahali pa kuyaweka. Mahali hapo tunapaswa kupatengeneza sisi wakubwa, halafu yeye ajifunze kupatunza.

 

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:
1. Je, katika jumuiya yetu kuna kijana aliyeacha kwaya au mchezo? Nani alimwuliza sababu?
2. Ratiba za vijana, za shule na za kanisa zinagongana wapi? Nani anaweza kuzirekebisha?
3. Wasichana wetu wana saa ngapi zao wenyewe kwa wiki? Tuhesabu pamoja.
4. Kijana akiumia uwanjani kwetu, nani anajua la kufanya?