Kumbikumbi, Kuku na Dawa Zinazotuishia



Miongoni mwa kumbikumbi wanaoliwa huku Magharibi mwa Kenya mvua inapoanza, yumo mmoja ambaye wanasayansi humwita Pseudacanthotermes spiniger. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba mwilini mwake wamepata peptidi mbili, yaani protini fupi sana: temisini yenye asidi amino 36, inayopambana hasa na kuvu, na spinijerini yenye 25, inayoua kuvu na bakteria pia. Mchwa huyu huishi kwa msongamano ndani ya udongo wenye unyevu, akilima kuvu wa chakula chake. Kinachonivutia ni kwamba hangoji augue ndipo atengeneze silaha. Temisini, kwa mfano, huwa tayari katika chembe zake za damu na tezi za mate.

Tunazihitaji silaha hizo. Mwaka 2019 pekee, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu vilikadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani. Dawa nyingi tulizozoea hulenga sehemu moja tu ya bakteria, na badiliko dogo la jeni linatosha kumwokoa. Peptidi nyingi za namna hii zina chaji chanya. Huvutwa na utando wa bakteria wenye chaji hasi, zikautoboa, na yaliyomo yakavuja. Kuubadilisha utando mzima ni kazi nzito zaidi kwake, ingawa haishindikani.

Na mtu asitoke hapa akidhani sahani ya kumbikumbi inatibu homa ya matumbo. Tumbo huzimeng'enya peptidi kama linavyomeng'enya nyama. Hata zikitengenezwa maabara safari ni ndefu: mwaka 1987 Michael Zasloff alitangaza magainini kutoka ngozi ya chura wa Afrika, Xenopus, lakini krimu iliyotokana nayo, ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, ilikataliwa Marekani mwaka 1999.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, iko kwenye banda la kuku.

Tuanze na funzo la nguruwe. Kolistini nayo ni peptidi, hutengenezwa na bakteria wa udongoni, na hospitalini huwekwa iwe dawa ya mwisho. China waliitia katika chakula cha nguruwe ili wanenepe. Mwaka 2015 ikaripotiwa huko jeni ya mcr-1, inayomkinga bakteria dhidi ya kolistini na kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Ilipatikana kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Matumizi hayo ya kunenepesha yalipigwa marufuku mwaka 2017, na usugu ukapungua.

Hapa kwetu kuku ndiye heshima ya mgeni, na mfugaji hununua antibiotiki ya tetrasaiklini kwenye agroveti bila cheti, akaitia katika maji ya vifaranga wasiougua. Peptidi yoyote mpya ikipitia mlango huo, itatuishia vilevile. Chuo kikuu na kizipime peptidi hizi za kumbikumbi dhidi ya bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa kaunti hii. Serikali ya kaunti, pamoja na madaktari wa mifugo, izuie uuzaji huo wa holela. Hili halina sababu ya kungoja maabara. Wenye agroveti mlioko ukumbini, maswali yakifunguliwa ningependa nyinyi mtangulie.