Goti Likiuma, Lisikilize: Usiache Michezo

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mkula, bonde la Kilombero)



Leo tunazungumza juu ya goti. Najua wengine mnacheka, mnaona goti ni ugonjwa wa bibi na babu. Haya, ambaye goti linamuuma baada ya mpira au mchakamchaka anyooshe mkono. Mnaona? Si wachache.

Maumivu haya yana tabia yake. Ligi ya shule ikianza yanakuja, likizo yanapoa, UMISSETA ikikaribia yanarudi. Wengi wanafanya moja kati ya mambo mawili: wanajikaza mpaka wanachechemea, au wanaacha michezo kabisa. Kuna njia ya katikati.

KWA NINI LINAUMA?

Goti limekaa kati ya mifupa miwili mirefu kuliko yote mwilini, wa paja na wa muundi. Mbele kuna pia ya goti, inayoteleza kila unapokunja mguu. Ukikimbia au ukiteremka mlima, pia hiyo inabanwa kwa nguvu inayozidi uzito wako mara kadhaa. Misuli ya paja na nyonga ikiwa dhaifu, au ukiongeza mazoezi ghafla, goti linalalamika. Utasikia maumivu kwa mbele, hasa ukiteremka ngazi, ukichuchumaa, au ukikaa darasani muda mrefu.

Tena mkumbuke, goti halihesabu mpira peke yake. Asubuhi mchakamchaka, jioni mazoezi, Jumamosi shamba la mpunga na mzigo kichwani. Goti linajumlisha yote.

Wengine wana kinundu kigumu chini ya pia, kinauma ukipiga magoti. Hicho huwapata vijana wanaorefuka haraka, zaidi kati ya miaka 10 na 15. Mfupa bado haujakomaa, na ukano unauvuta kila unaporuka. Madaktari wawili, Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zürich, walikieleza kila mmoja kivyake mwaka 1903. Kwa hiyo hujarogwa na timu pinzani, wala hakuna haja ya kuchanjwa chale. Kwa wengi maumivu huisha mwili ukimaliza kukua, ingawa kinundu chenyewe kinaweza kubaki.

PIMA MAUMIVU YAKO

Yape maumivu namba, kuanzia 0 hadi 10. Sifuri hakuna maumivu, kumi hayavumiliki.

Yakiwa 0 mpaka 3, na asubuhi yake yameisha, endelea kucheza. Yakiwa 4 au 5, au bado yapo asubuhi, punguza: cheza nusu ya muda, acha kuruka na mbio za mlimani, panda baiskeli kwenye barabara tambarare. Yakizidi hapo, au ukianza kuchechemea, toka uwanjani. Unaporudi, ongeza kidogo kidogo wiki hadi wiki. Usirukie mechi ya dakika 90 siku ya kwanza.

Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kucheza. Dawa inanyamazisha kengele, lakini moto bado unawaka. Na sindano za kuchomwa kiholela dukani, achana nazo kabisa. Baada ya mchezo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 inatosha. Huna barafu? Tumia kitambaa cha maji baridi.

MAZOEZI MATATU, BILA SHILINGI MOJA

Fanya mara tatu kwa wiki, kwa miezi miwili au mitatu. Usitegemee miujiza ya siku mbili.

1. Egemea ukuta wa darasa kwa mgongo, teremka kidogo kama unayetaka kukaa kwenye kiti. Tulia sekunde 20. Rudia mara 5.

2. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua makalio, hesabu mpaka tano, shusha. Rudia mara 10.

3. Panda ngazi moja, kisha shuka polepole sana, goti lielekee vidole vya mguu, lisiingie ndani. Mara 10 kila mguu.

USINGOJE HAPA

Nenda zahanati mapema, na kama wakiona haja watakuandikia rufaa ya hospitali, kama ile ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ikiwa:

– goti limevimba ghafla baada ya kuumia, au huwezi kulikanyagia;
– linakwama, au linakuachia ukitembea;
– ni la moto na una homa. Hii ni haraka, siku hiyo hiyo;
– linauma usiku ukiwa umelala, wiki baada ya wiki, au kuna uvimbe unaokua. Mara chache huwa ni saratani ya mfupa, na kuchelewa kunaweza kugharimu mguu au maisha;
– una selimundu na maumivu yameanza;
– nyonga nayo inauma. Ugonjwa wa nyonga huweza kujificha gotini.

MASWALI YA WANAFUNZI

Kocha akisema mimi ni mwoga?

Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika marathoni, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamheshimu mpaka leo. Lakini ile ilikuwa siku moja ya Olimpiki. Mechi zako ni kila wiki. Mtazame pia David Rudisha wa Kenya. Mwaka 2013 goti lilimfanya akose mashindano ya dunia ya Moscow. Alijitibu, akarudi, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2015 na wa Olimpiki mwaka 2016. Yeye naye ni mwoga? Mweleze kocha namba yako, naye apange.

Sisi wa netiboli tufanyeje?

Wasichana huchanika kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Jifunzeni kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, yasigongane. Na msianze mechi na mwili baridi.

Kufunga bendeji kunasaidia?

Kunaweza kukutuliza kidogo. Hakujengi misuli. Ukuta wa darasa ndio unaojenga.

Haya, simameni, kila mmoja atafute ukuta. Tunaanza na sekunde 20.