Pumzi ya Mzee Si Uzee Tu
(Maneno yaliyosomwa na mfanyakazi wa gengi la njia mbele ya mkutano wa tawi)



Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni, nikaishia darasa la nane, na tangu hapo elimu yangu ni kokoto na mataruma. Lakini Katibu ameniomba niseme habari ya pumzi, kwa sababu ya mambo niliyoyaona nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa nyapara wangu nilipoingia kazini.

Mzee huyo alistaafu akiwa na nguvu. Miaka mitatu baadaye nilimkuta ameketi chini ya mwembe, miguu imekonda, na kwenda chooni tu husimama mara mbili kuvuta pumzi. Watoto wake ni watoto wema sana. Maji wanamletea, chakula wanamletea, hata kuchuma mboga wamemkataza. Wakaniambia, "Ni uzee, bwana." Nami nikaitikia. Hapo ndipo tulipokosa wote.

Maana mapafu hukua mpaka mtu afikapo kama miaka 25, kisha nguvu zake hupungua kidogo kidogo. Ile pumzi mtu awezayo kuipuliza kwa sekunde moja hupungua kama mililita 25 au 30 kila mwaka, yaani kama vijiko viwili vya mezani. Kijana aliyekuwa akipuliza lita 4 atafika miaka 65 akiwa na karibu lita 3, na lita 3 zatosha kwenda sokoni na kurudi. Basi mzee akihema sana kwenye njia tambarare, uzee peke yake haukumfikisha hapo. Kuna kitu.

Binti yake alimpeleka hospitali, wakampulizisha kile chombo kiitwacho spirometa. Ikaonekana mapafu yameharibika. Alipokuwa kijana aliugua kifua kikuu akapona, lakini ugonjwa ule waweza kuacha kovu ndani hata baada ya dawa kumalizika. Tena alivuta sigara, na vumbi la kokoto alilila miaka yote, kama mimi ninavyolila sasa. Na mama zetu wasiovuta sigara wasidhani wamesalimika, maana moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huharibu mapafu vile vile.

Habari za sigara tumezipata kwa wafanyakazi wenzetu. Tangu mwaka 1961 madaktari wa London waliwapima wanaume wa kazi kwa miaka minane, wakatoa habari zao mwaka 1977. Waliona kwamba mvutaji ambaye sigara imemdhuru akiacha, kilichopotea hakirudi, lakini kinachobaki hupungua polepole kama cha mtu asiyevuta. Kwa hiyo mzee wa miaka 60 asiniambie kwamba amechelewa.

Sasa nirudi kwenye kile kiti. Mtu akihema huogopa, akiogopa huketi, na akiketi misuli ya miguu huisha. Miguu iliyoisha huchoka upesi, na ikichoka hutaka pumzi nyingi zaidi, basi mtu huhema kabla hajafika alipofika jana. Hivyo mzee hukonda, mkono hukosa nguvu ya kushika, mwendo hupungua, mwisho huanguka. Wema wa watoto wale ulikuwa unamzidishia udhaifu, nao hawakujua.

Daktari alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwambia sigara basi, kisha akamwamuru atembee. Mara kadhaa kwa juma, mpaka ahisi anahema lakini angali aweza kusema maneno, apumzike, aendelee. Tena ainuke kitini na kuketi mara nyingi, ili mapaja yapate nguvu. Akihema, avute kwa pua na kutoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu apozaye chai. Baada ya majuma manane mapafu yalikuwa yale yale, lakini chooni alikwenda bila kusimama, na mboga anachuma mwenyewe.

Lakini mtu asianze kutembea kabla ya kupimwa. Kuhema kwaweza kutoka kwa moyo au upungufu wa damu. Mwenye miguu iliyovimba, mwenye maumivu ya kifua, anayekohoa damu, au aliyeishiwa pumzi kwa ghafula, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kikohozi cha majuma mawili kipimwe kifua kikuu.

Nasi tulio kazini, naomba tawi lidai kila mtu wa gengi na wa karakana apimwe pumzi anapoajiriwa na kabla hajastaafu, apewe karatasi yake. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inatambua magonjwa yanayoletwa na kazi, lakini nyapara wangu hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha alianza kazi na pumzi kiasi gani.

Nimepiga mistari miwili ya chaki pale barazani, umbali wa mita 4. Atakayetumia zaidi ya sekunde 5 kwa mwendo wake wa kawaida, mwendo wake umepungua, na inafaa akaonwe na daktari. Katibu ana saa. Wazee watangulie.