Mafiga Matatu ya Ugatuzi: Mafunzo Kutoka Taifa Dogo la Wales



Mmetutaka tueleze jinsi demokrasia na ugatuzi vinavyofanya kazi katika taifa dogo. Tumelichagua taifa la Wales, lililo magharibi mwa kisiwa cha Britania. Watu wake ni milioni 3 na ushei. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, jiji letu la Nairobi peke yake lilipita milioni 4. Jirani ya Wales ni England, yenye watu zaidi ya milioni 56. Taifa dogo lililofungwa nira moja na taifa kubwa hivyo lina mengi ya kutufundisha.

Iko sababu nyingine. Katiba yetu ya mwaka 1963, iliyotokana na mazungumzo ya Lancaster House kule London, ilitupa majimbo saba yenye mabunge yao. Kufikia Desemba 1964, tulipokuwa jamhuri, mamlaka ya majimbo hayo yalikuwa yamekwisha kunyakuliwa. Jambo la kushangaza ni kwamba wakati London ikitupatanisha juu ya mabunge ya majimbo, watu wa Wales, waliokuwa chini ya Westminster kwa karne nyingi, hawakuwa na bunge lao hata dogo. Walilipata mwaka 1999. Sisi tuliurudia ugatuzi katika Katiba ya mwaka 2010, na kaunti 47 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kwa hiyo hatuwatazami watu wa Wales kama walimu wetu, bali kama wasafiri wenzetu katika njia moja.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Hoja yetu leo ni kwamba ugatuzi nao una mafiga matatu: mamlaka, fedha na kuhojiwa. Mahali palipo na mamlaka bila fedha, kiongozi hutoa ahadi tupu. Palipo na fedha bila kuhojiwa, hazina huliwa. Na palipo na kuhojiwa bila mamlaka, wananchi humlaumu mtu asiyeweza kutenda lolote.

Tuanze na swali la msingi. Ikiwa kila mtu ana kura, na Bunge la taifa lipo, ugatuzi ni wa nini?

Katika bonde la Tryweryn, kaskazini mwa Wales, palikuwa na kijiji kiitwacho Capel Celyn. Wenyeji wake walizungumza Kiwelisi. Walikuwa na kanisa, shule, posta na makaburi ya wazee wao. Mji wa Liverpool, ulio England, ulitaka maji. Badala ya kuomba idhini kwa mamlaka za mitaa za Wales, halmashauri ya mji huo ilipeleka mswada wake moja kwa moja Westminster, nao ukapita mwaka 1957. Wabunge wengi mno wa Wales waliupinga, lakini Wales ilikuwa na viti 36 tu katika Bunge lenye wabunge zaidi ya 600. Mwaka 1965 bwawa likazinduliwa. Kati ya watu 67 walioishi bondeni, 48 walipoteza makao yao. Kanisa na shule vilibomolewa, na maji yakafunika mahali pake. Halmashauri ya Liverpool iliomba radhi mwaka 2005, miaka 40 baadaye.

Tulitafakari jambo hili kama wanasheria. Hapana sheria iliyovunjwa pale Tryweryn. Mswada ulisomwa, ukajadiliwa, ukapigiwa kura, wengi wakashinda. Demokrasia ilifanya kazi yake, na bado walio wachache walizamishwa, kwa maana halisi ya neno hilo. Hapo ndipo tunapoona kwamba kura peke yake haitoshi. Ni lazima pia tuulize: uamuzi huu unamhusu nani, naye alikuwa wapi ulipokatwa?

Msidhani kwamba watu wa Wales waliukimbilia ugatuzi. La hasha. Tarehe 1 Machi 1979 waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka bunge lao. Wanne kati ya kila watano waliopiga kura walikataa. Walikuwa na hofu ambazo sisi Wakenya twazijua sana. Wasiozungumza Kiwelisi waliogopa kutawaliwa na wanaokizungumza. Watu wa kaskazini waliogopa kutawaliwa na mji wa Cardiff ulio kusini. Wengine walisema ni gharama ya bure, kuongeza wakubwa juu ya wakubwa.

Ni nini basi kilichowageuza? Kwa miaka 10, kuanzia 1987 hadi 1997, mawaziri wanne waliokabidhiwa Wales na London, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wabunge wa maeneo ya England. Hawakuchaguliwa na mtu yeyote wa Wales. Bodi na tume nyingi zilizosimamia shughuli za umma zilijaa watu walioteuliwa na waziri. Wakenya wanaowakumbuka wakuu wa mikoa walioletwa kutoka juu watalielewa jambo hili bila maelezo marefu.

Tarehe 18 Septemba 1997 wakaulizwa tena. Usiku kucha matokeo yaliyumba, hata ikaonekana kwamba wanaokataa wameshinda. Matokeo ya mwisho, ya Carmarthenshire, ndiyo yaliyogeuza mizani. Waliokubali walikuwa 559,419 na waliokataa 552,698. Tofauti ilikuwa kura 6,721 katika nchi nzima. Lakini walioshindwa hawakushika mapanga wala kuchoma nyumba za jirani. Walisimamisha wagombea wao katika bunge lile lile walilolipinga, wakaingia, wakafanya kazi. Kushindwa kwa kura chache na kubaki raia wema ni sehemu ya demokrasia ambayo haiandikwi katika katiba yoyote.

Sasa tuyatazame yale mafiga.

Figa la kwanza ni mamlaka. Bunge la Wales lilipoanza mwaka 1999, lilikuwa na wajumbe 60, wala halikuweza kutunga sheria kuu. Liliweza tu kutoa kanuni chini ya sheria za Westminster. Mwaka 2003 lilipitisha hoja ya kutaka uvutaji wa sigara ukomeshwe katika majengo ya umma. Hoja ikapita, lakini haikuwa na nguvu. Iliwabidi wangoje Westminster iwape uwezo huo, na marufuku ikaanza Aprili 2007. Je, ni watu wangapi waliovuta moshi wa wenzao katika muda huo kwa sababu bunge lao lilikuwa na mdomo pasipo meno?

Meno yaliota hatua kwa hatua. Sheria ya mwaka 2006 ilifungua mlango. Machi 2011 wananchi wakaulizwa kwa mara ya tatu, na zaidi ya asilimia 63 ya waliopiga kura wakakubali bunge lao litunge sheria kamili katika mambo yaliyogatuliwa: afya, elimu, kilimo, mazingira na mengineyo. Tangu mwaka 2020 linaitwa Senedd. Oktoba 2011 Wales ilianza kutoza ada kwa kila mfuko wa plastiki wa dukani. England ilifuata mwaka 2015. Taifa dogo hupata makosa yake mapema, huyasahihisha mapema, na mara nyingine humwonyesha njia jirani aliye mkubwa. Hata hivyo polisi na mahakama zimebaki mikononi mwa London, nalo jambo hilo lingali likibishaniwa.

Figa la pili ni fedha. Kwa miaka 20 ya kwanza, karibu fedha zote za Wales zilitoka London kwa mkupuo mmoja, na ongezeko lake lilifuata hesabu ya idadi ya watu na matumizi ya England. Wales iliweza kuchagua namna ya kutumia, lakini haikuweza kuchagua kiasi. Kuanzia Aprili 2019 sehemu ya kodi ya mapato huamuliwa na Senedd yenyewe. Mabadiliko haya si madogo. Mtu anayetumia fedha za kupewa humtazama aliyempa. Anayetoza kodi humtazama anayetozwa. Katiba yetu, katika kifungu cha 203, inaziahidi kaunti zisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hiyo ni ngao njema. Lakini ngao hiyo hailindi kitu ikiwa fedha zitachelewa hata wauguzi wakose mishahara, wala ikiwa gavana atajua zaidi njia ya kwenda Hazina Kuu kuliko njia ya kwenda zahanati.

Figa la tatu, ndilo zito kuliko yote, ni kuhojiwa. Mkuu wa kwanza wa serikali ya Wales, Alun Michael, alionekana na wengi kuwa chaguo la London. Tarehe 9 Februari 2000, kabla hajatimiza mwaka mmoja, alikabiliwa na hoja ya kutokuwa na imani naye kuhusu fedha za kuendeleza maeneo maskini. Akajiuzulu siku hiyo hiyo. Nafasi yake ilichukuliwa na Rhodri Morgan, aliyeongoza hadi Desemba 2009. Mwaka 2024, Waziri wa Kwanza Vaughan Gething aliulizwa maswali mengi juu ya michango ya pauni 200,000 aliyopokea katika kampeni ya uongozi wa chama chake. Hakusemwa kuwa amevunja sheria. Aliulizwa kama amefanya lililo jema. Juni mwaka huo alishindwa katika kura ya imani, na Julai akatangaza kuondoka.

Hapa tuseme wazi. Viongozi hao hawakuangushwa kwa jeshi, wala kwa mawe, wala kwa amri ya rais. Waliangushwa na wajumbe waliokaa karibu nao, wenye hesabu mkononi na ujasiri wa kuuliza. Je, mabunge ya kaunti zetu hufanya hivyo kwa ajili ya haki, au huanza kumwondoa gavana pale mgawo unapokatika?

Wala hatutaki mfikiri kwamba Wales ni peponi. Katika chaguzi 6 za bunge lao, kuanzia 1999 hadi 2021, hakuna hata mmoja ambao nusu ya waliojiandikisha walijitokeza. Watu wengi hupata habari zao kutoka London, hata wasijue ni nani anayesimamia hospitali yao. Serikali inaweza kuwa karibu kwa maili na ikawa mbali kwa maarifa. Kwa sababu hiyo walishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16, na vijana hao wakapiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2021. Chini ya Senedd ziko pia halmashauri 22 na mabaraza ya jamii zaidi ya 700, ili ugatuzi usiishie Cardiff, ukawa mji mkuu mwingine wa kulalamikiwa.

Kabla hatujamaliza, tuseme neno kwa makanisa. Sheria ya kwanza katika nyakati hizi iliyoitendea Wales kama nchi ya pekee ilikuwa ya mwaka 1881, iliyofunga vilabu vya pombe siku ya Jumapili. Waumini wa makanisa ndio walioidai. Ni waumini pia waliokataa kulipa zaka kwa kanisa la dola ambalo wengi wao hawakuwa wafuasi wake, hadi kanisa hilo likatenganishwa na serikali mwaka 1920. Katika makanisa yao madogo, watu wa kawaida walijifunza kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu, kukagua hesabu na kumpinga mzee bila kumtukana. Bunge lilipokuja, shule yake ilikuwa imekwisha kuwapo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaporudi makwetu tuyachukue haya. Kifungu cha 196 cha Katiba yetu kinaliamuru bunge la kaunti kufanya kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Basi kila parokia na kila kikundi kichague watu wawili au watatu wa kuhudhuria vikao vya bajeti. Wadai makadirio ya matumizi, wayasome kwa lugha ambayo watu wanaielewa, warudi kutoa taarifa. Taarifa ya mkaguzi wa hesabu isomwe kama tunavyosoma matangazo ya Jumapili. Anayehojiwa aheshimiwe, lakini ahojiwe.

Majimbo yetu ya mwaka 1963 yaliondolewa upesi kwa sababu hayakuwa yamepata mizizi ndani ya wananchi. Kaunti zetu nazo zinaweza kufa huku majina na majengo yake yakibaki, kama sisi wenyewe hatutasimama kuyalinda mafiga yote matatu. Chungu ni chetu, na wanaokingoja chakula ni watoto wetu.